Nilijiona mfanyabiashara, kompyuta ikaniona tapeli!

Leo nina la kuungama, na naomba mnisikilize hadi mwisho kabla hamjaanza kunicheka.

Desemba 2023 sebule yangu pale Sinza ilikuwa na vikapu 60. Sitanii. Sitini, vya milulu, vimepangwa kuanzia mlangoni hadi nyuma ya kochi, mgeni akija anakaa na kikapu mapajani kama yuko kwenye daladala ya Mbagala saa kumi na mbili jioni. Harufu ya majani yake nzuri, sikatai, lakini ukilala nayo mwezi mzima unaanza kuota uko bwawani unavuna milulu.

Vile vikapu vimesukwa na kina mama wa Iringa, kundi ambalo shangazi yangu ndiye kiongozi wao. Nusu ya hela nilikuwa nimewalipa, kwa mkopo wa kikoba. Nusu nyingine nilikuwa nimewaahidi kabla shule hazijafunguliwa Januari. Na Januari ya Bongo mnaijua wenyewe, haina rafiki.

Basi bwana, biashara yangu ilikuwa nyepesi kabisa. Wateja wangu wengi ni watu wa nje, walimu wa kujitolea, watalii, wale waliokaa hapa miaka miwili mitatu wakarudi kwao na hamu ya Tanzania. Kila Novemba nawaandikia barua pepe moja: vikapu vimefika, bei ni hii, atakaye aseme mapema ili posta iwahi Krismasi. Tangu 2018 mambo yalikuwa hivyohivyo, nikituma leo, kesho kutwa oda zinaingia mpaka najisikia mama mwenye kampuni.

Mwaka ule nikatuma, nikakaa mkao wa kula. Siku ya kwanza kimya. Siku ya tatu kimya. Wiki ikakatika. Nikajisemea moyoni, labda wazungu nao wamefulia. Ikafika wiki ya pili, shangazi akapiga simu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Hivi wale wateja wako wameshachukua mzigo?"

"Bado kidogo tu shangazi."

"Maana kina mama wananiuliza kila nikienda kisimani."

Hiyo "bado kidogo" ilinikaa kooni kama mwiba wa perege.

Aliyenifumbua macho ni mama mmoja Mwingereza, zamani alifundisha Iringa, sasa yuko zake Norwich. Alinitumia ujumbe kwa simu, kwa Kiswahili chake kile cha shule: "Dada, mwaka huu umenisahau?" Nimemsahau! Wakati nimemwandikia wiki tatu nzima zilizopita! Nikamwomba atazame tena. Akatazama, akaikuta. Barua yangu ilikuwa kwenye pipa la taka la kompyuta yake, imelala katikati ya tangazo la vidonge vya nguvu za kiume na barua ya mjane wa jenerali fulani aliyeachiwa mamilioni ya dola na anatafuta mtu mwaminifu wa kumsaidia kuyatoa benki.

Jamani! Mimi na vikapu vyangu, nimelazwa kitanda kimoja na mjane wa jenerali!

Nikambeba kompyuta mgongoni kwenda kwa dogo mmoja mtaani kwetu, ana kibanda cha kutengeneza simu na kompyuta, kijana mpole, anaongea taratibu kama daktari anayetaka kukuambia habari mbaya. Akafungua, akabonyeza, akaguna.

"Dada, hujafungiwa na mtu. Umefungiwa na mashine."

Nikamwambia mdogo wangu niambie kwa lugha ya watu. Akaniambia. Tovuti yangu nilikuwa nimeipangisha kwa kampuni moja ya bei chee, ambayo sitaitaja, na humo ndani tulikuwa wapangaji chungu nzima kwenye seva moja. Ni sawa na nyumba ya kupanga uswahilini: mpangaji wa chumba cha uani akiuza gongo, polisi wakija wanapiga mateke milango yote. Mwenzetu mmoja mle alikuwa anatuma utapeli kwa maelfu ya watu, seva nzima ikaingizwa kwenye orodha nyeusi. Orodha hizi zipo nyingi, kongwe inayojulikana zaidi ni ya hao wanaoitwa Spamhaus, walioanza mwaka 1998, ingawa iliyotunasa sisi ilikuwa nyingine. Kampuni zinazopokea barua pepe duniani zinazisoma, na ukishaandikwa humo, barua yako inapokewa kama kibaka aliyekamatwa sokoni.

La pili, barua zangu hazikuwa na saini. Siyo saini ya kalamu, ni alama za siri ambazo mafundi wanaziita SPF, DKIM na DMARC, zinazothibitisha kwamba barua iliyoandikwa imetoka kwangu imetoka kwangu kweli. Mimi sikuwahi hata kuzisikia. Dogo akaniambia nijiandae, kwani Google na Yahoo walikuwa wameshatangaza kwamba kuanzia Februari 2024 mambo yanakazwa: kwa upande wa Gmail, kila anayetuma awe walau na alama moja kati ya hizo mbili za kwanza, na wale wanaotuma barua zaidi ya 5,000 kwa siku wawe nazo zote tatu, pamoja na kitufe cha mpokeaji kujiondoa kwa mbofyo mmoja. Tena wanahesabu malalamiko. Katika kila barua 1,000, wapokeaji watatu tu wakibonyeza kwamba hii ni taka, umeshafika kwenye mstari mwekundu.

Watatu katika elfu! Hata kwenye harusi yako mwenyewe, kati ya wageni elfu wanaokuchukia hawapungui kumi.

Halafu dogo akauliza swali la tatu, taratibu vilevile. "Dada, hii orodha ya watu uliowatumia, uliipata wapi?"

Hapa ndipo penye ungamo langu. Wateja wangu mimi mwenyewe, niliowakusanya kwa jasho, walikuwa 912. Lakini barua ile ya Novemba ilikwenda kwa watu karibu 4,000. Hao wengine niliwanunua. Shemeji yangu mmoja, mtu wa mipango mipango, aliniletea kwenye flashi anwani 3,000 za watu waliohudhuria mkutano fulani, akaniambia "shem, hawa ni wazungu wenye hela zao, watakununulia hadi kochi." Nikampa shilingi 50,000. Nikaongeza na kichwa cha barua chenye herufi kubwa tupu na alama za mshangao tatu, kwamba ofa ya Krismasi, wahi. Dogo akasoma kile kichwa, akanitazama, akainamisha macho. Nilijisikia vibaya kuliko angenitukana.

Sasa kabla hujanihukumu, msomaji wangu, hebu jiulize wewe unayeuza mitumba au keki kwa simu, hizo namba umezitoa wapi zote?

Siku mbili baadaye ikaja barua kutoka Kanada. Mtu mmoja wa kwenye flashi ya shemeji, hanijui simjui, akaniandikia kwa adabu sana kwamba nimevunja sheria ya nchi yake na anafikiria kunishitaki kwa wahusika. Nikaenda kuisoma hiyo sheria usiku, watoto wamelala. Ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2014. Huruhusiwi kumtumia mtu wa Kanada barua ya biashara kwa kompyuta au simu kama hajakuruhusu, na haijalishi wewe uko wapi, Toronto au Tandika, mradi inafunguliwa kwenye kompyuta iliyoko kwao. Adhabu ya juu kwa mtu binafsi ni dola milioni 1 za Kanada, kwa kampuni dola milioni 10.

Nikatazama vikapu. Nikapiga hesabu ni vikapu vingapi vinafika dola milioni 1. Nikaacha, nikaenda kunywa maji.

Nikamwomba yule bwana radhi, akanyamaza, na hadi leo sijasikia kutoka kwake. Lakini usingizi ulikuwa umeshaniruka, nikaendelea kusoma, na nilivyozidi kusoma ndivyo nilivyozidi kuona kwamba kununua ile orodha ni kosa langu mwenyewe na nilistahili kibano, ila hata ningekuwa na wale 912 tu bado ningekuwa na kazi ya kufa mtu.

Tuanzie hapohapo Kanada. Sheria yao inasema mtu akinunua kwako, inahesabika amekuruhusu kumwandikia kwa miaka 2 tangu aliponunua. Baada ya hapo, kama hakununua tena wala hakukupa ruhusa ya wazi, achana naye. Kwa muuza pitsa hiyo ni miaka mingi. Lakini kikapu cha milulu, mama yangu ana kimoja tangu niko darasa la tano! Mimi sifa yangu ni kwamba bidhaa yangu haiharibiki, na kwa sababu haiharibiki mteja harudi ndani ya miaka 2, na kwa sababu harudi, sheria inanihesabu kwamba hatujuani tena. Ningekuwa nauza vikapu vinavyokatika mkono baada ya mwaka, ningekuwa na haki ya kumwandikia kila siku.

Ukasema basi, nimwandikie kumwomba ruhusa ya kumwandikia. Thubutu! Kwa sheria ya Kanada, barua ya kuomba ruhusa nayo inahesabiwa kuwa barua ya biashara. Yaani kubisha hodi ili uulize kama unaruhusiwa kubisha hodi, nako ni kubisha hodi. Na msidhani ni Kanada tu. Uingereza, mwezi Machi 2017, shirika la ndege la Flybe lilipigwa faini ya pauni 70,000 na Honda pauni 13,000 kwa kutuma barua za namna hiyo, za kuuliza watu kama bado wanapenda kuandikiwa. Flybe wao waliwatumia hata waliokwisha kusema hawataki. Sasa kama wenye ndege na wenye magari, wenye wanasheria wa kulipwa kwa saa, wanateleza hapo, mimi wa Sinza na dogo wangu wa kibandani tutasimama vipi?

Marekani wao wana moyo laini kidogo. Sheria yao ilisainiwa na Rais George W. Bush Desemba 2003, ikaanza kazi Januari 1, 2004. Kule unaweza kumwandikia mtu bila kumwuliza, mradi usidanganye jina lako wala kichwa cha barua, umwoneshe namna ya kujiondoa, na akijiondoa umtoe ndani ya siku 10 za kazi. Ila kuna sharti moja lililonitoa jasho: kila barua iwe na anwani yako halisi ya posta.

Dada zangu mnaofanyia biashara nyumbani mtanielewa. Mimi naishi na wanangu wawili, mlinzi sina, halafu niwaandikie watu mamia nisiowajua kwamba ninalala nyumba fulani, mtaa fulani, na sebuleni kuna mzigo? Zamani nilikuwa na kinga, kwani nyumba yangu ilikuwa ni ile ya pili baada ya mwarobaini, hata jambazi angepotea. Lakini tangu zoezi la anwani za makazi la 2022 tumebandikwa namba mlangoni, tunapatikana kiulaini. Ikabidi nikodi sanduku la posta, gharama nyingine, ili tu niweze kusema ukweli bila kuhatarisha watoto.

Na hapa ndipo hasira zangu zinapotokea, niruhusuni niseme. Yule mjane wa jenerali hakuweka anwani yake. Hakuweka kitufe cha kujiondoa. Hakukodi sanduku. Hasomi sheria ya Kanada usiku wakati watoto wamelala. Akifungiwa seva moja anahamia nyingine asubuhi kabla sijapiga mswaki. Januari 2004, mwezi uleule sheria ya Marekani ilipoanza, Bill Gates mwenyewe alisema kule Davos kwamba ndani ya miaka 2 tatizo la barua taka litakuwa limekwisha. Hesabu mwenyewe imepita miaka mingapi, halafu fungua pipa lako uone kama mjane hayupo.

Kwetu hapa nako sheria zipo, msijidanganye. Mwaka 2015 zilitungwa mbili. Ile ya Makosa ya Mtandao inamkamata anayesambaza ujumbe usioombwa kwa nia ya kutenda kosa, faini isiyopungua shilingi milioni 3 au kifungo kisichopungua mwaka 1, au vyote viwili. Ile ya Miamala ya Kielektroniki inataka mteja awe ameridhia, ujitambulishe mwanzoni mwa ujumbe, na umpe nafasi ya kukataa. Ila aliyekwisha kununua kwako unaweza kumtangazia bidhaa zinazofanana na alizonunua, mradi kila mara umpe nafasi ya kujitoa. Ukiniuliza mimi hiyo ina akili, inamjua muuza vikapu. Halafu ikaja ile ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, ambayo kwa kweli ilitungwa kwa ajili ya watu kama shemeji yangu na flashi yake.

Pamoja na sheria zote hizo, nani kati yenu hajapata ile ya "ile pesa tuma kwenye namba hii"? Nani hajaitwa mjukuu na babu mganga asiyemjua, au kukaribishwa Freemason kwa ujumbe wa simu? Bibi yangu mzaa mama alikaribishwa Freemason akiwa kijijini hana hata umeme, akauliza kama wanatoa mbolea.

Kwa hiyo sisemi sheria zifutwe, la hasha. Nawachukia matapeli kuliko ninavyochukia kodi ya meza. Na ukweli mwingine unauma: wale watu 3,000 wa kwenye flashi, kwao mimi na yule mjane tulikuwa kitu kimoja. Mtu amekaa zake Kanada, anafungua kompyuta, anakuta mwanamke asiyemjua anampigia kelele kwa herufi kubwa. Angejuaje kwamba mimi nina shangazi na kina mama kisimani?

Hebu niwaambie ilivyokwisha. Yule mama wa Norwich aliwaambia rafiki zake, vikaondoka vikapu 9. Vilivyobaki 51 nilimuuzia mwenye duka mmoja kwa bei ya chini ya niliyonunulia. Nilimpigia shangazi nikamweleza yote, mpaka ya flashi. Akanyamaza, halafu akasema, "Kumbe umefungiwa kwa ajili ya majirani." Nikamwambia ndiyo shangazi, na kwa ajili yangu pia. Kina mama walilipwa Januari ileile, hela ikitoka mshaharani kwangu. Kikoba nilikimaliza Machi, na tuliyokula miezi hiyo mitatu msiniulize.

Mwaka 2024 nikaanza upya. Nikahama ile nyumba ya gongo, dogo akaniwekea saini zote tatu, akakataa hela akachukua kikapu. Flashi ya shemeji niliifuta mbele yake. Halafu ikaja kazi ngumu, ya wale 912. Waliowahi kununua walikuwa 380, hao kumbukumbu zao ninazo. Waliobaki 532 waliandika anwani zao kwenye daftari langu la maonesho, na daftari juu liliandikwa "Wageni wetu", halikuandikwa "nitakuandikia kila Krismasi". Ukiulizwa ruhusa iko wapi, utaonesha nini? Nikawafuta. Kuna majina niliyakumbuka mpaka sura, mzee mmoja Mdachi aliyecheza na mwanangu siku nzima bandani. Nikafuta hivyohivyo.

Katika wale 380 nikawapanga kwa nchi, kazi ya usiku mwingi, maana anwani ya Gmail haisemi mwenyewe anakaa wapi, ikabidi nifukue risiti za posta moja moja. Nikakuta 41 wako Kanada, na wote wamenunua zaidi ya miaka 2 iliyopita. Wote. Hao siruhusiwi kuwagusa, na ni wateja wazuri, mmoja alininunulia vikapu sita kwa mpigo.

Novemba 2024 nikatuma barua kwa watu 339. Kichwa cha barua kilikuwa cha kawaida, bila kelele. Sikuagiza vikapu 60 safari hiyo, niliagiza 30, na 27 viliondoka kabla ya Krismasi. Waliojiondoa ni 14, nikawatoa siku ileile.

Ila wale 41 walinikaa rohoni. Nikarudi kuisoma tena ile sheria ya Kanada, na safari hii nikaona kitu ambacho usiku ule wa hofu sikukiona: inahusu ujumbe wa kielektroniki tu. Karatasi haimo.

Nikanunua kadi 41 zenye picha ya twiga. Nikaziandika kwa mkono, jioni sita, mwanangu mkubwa akinisomea anwani kutoka kwenye risiti. Nikazipeleka posta zimefungwa kwa mpira. Yule kaka wa dirishani akazihesabu, akazigeuza, akanitazama.

"Dada, una ndugu wengi sana Kanada."

"Wateja, kaka yangu."

"Wote hawa? Sasa si ungewatumia tu imeili?"

Nikamwambia anipe stempu.